Elimu Iliyobaki Nje ya Mlango wa Skuli

Bismillahir Rahmanir Rahim.



Asubuhi ya tarehe 26 Desemba 2004 ardhi ilitikisika chini ya bahari karibu na Sumatra, nchi ya Indonesia. Maji yakainuka, na zaidi ya watu laki mbili wakafa katika nchi nyingi zilizopakana na Bahari ya Hindi. Mawimbi yale yalifika mpaka kwetu. Somalia, Tanzania na Kenya zote zilizika watu wao. Karibu kabisa na chanzo cha tetemeko lile kuna kisiwa cha Waislamu kiitwacho Simeulue, katika jimbo la Aceh. Siku hiyo kilikuwa na watu wapatao 78,000, na maji yaliwafikia kwa muda wa dakika chache tu. Je, msomaji, wadhani walikufa wangapi? Walikufa watu saba.

Hawakuokolewa na mtambo wala king'ora, maana hawakuwa navyo. Mwaka 1907 babu zao walipigwa na mawimbi kama hayo, wakafa wengi. Waliosalia wakalipa jambo lile jina, *smong*, na wakawafundisha watoto wao kwa hadithi na kwa nyimbo za kubembelezea: ardhi ikitikisika kwa nguvu, kisha bahari ikirudi nyuma, usiende kuokota samaki, kimbilia mlimani. Miaka 97 ikapita. Siku ilipofika, mtoto na mzee wote walijua la kufanya. Na ng'ambo ya pili, katika miji mikubwa ya Aceh yenye skuli na vyuo vikuu, watu waliteremka pwani kutazama bahari iliyokauka.

Nimeanza na kisa hiki kwa sababu nataka tuulizane swali moja. Sisi watu wa pwani hii tulirithi nini kutoka kwa wazee wetu, na kwa nini hayo tuliyorithi hayakupata nafasi katika skuli wanakosomeshwa watoto wetu?

ELIMU TULIYOKUWA NAYO

Wako wanaodhani kuwa elimu ililetwa pwani hii na merikebu za Wazungu. Hayo si kweli, na historia yapinga. Ibn Battuta alipofika Mombasa na Kilwa mwaka 1331 alikuta watu wa dini, wenye misikiti yao na sharia yao. Mreno Vasco da Gama alipofika Malindi mwaka 1498 hakuijua njia ya Bara Hindi. Alipewa rubani pale pale Malindi, na rubani huyo ndiye aliyemvusha bahari mpaka Calicut.

Kuandika nako hatukufundishwa na serikali. Zipo barua za Kiswahili zilizoandikwa Kilwa mwaka 1711 kwa herufi za Kiarabu, na mpaka leo zimehifadhiwa Goa. Utendi wa Tambuka una mswada wa mwaka 1728. Mwaka 1858 Mwana Kupona, mwanamke wa Siu na Pate, alimtungia binti yake wasia wa utendi ambao wasomi wa dunia wanausoma mpaka hivi leo. Mwanamke huyu hakuingia skuli hata siku moja. Alisoma nyumbani na chuoni, na kalamu yake ilimtosha.

Na mbali na kuandika, zilikuwapo elimu za kazi. Wazee wetu walihesabu mwaka wa Nairuzi, mwaka wa jua wenye siku 365, walioukata kwa miongo ya siku kumi kumi: miongo 36, na siku tano juu yake. Kwa hesabu hiyo nahodha alijua lini kaskazi itakufa na kusi kuanza, na mkulima alijua lini atayarishe shamba kabla ya masika. Makunduchi, Unguja, siku ya Mwaka husherehekewa hadi leo. Mvuvi naye alitazama mwezi. Alijua kuwa mwezi ukiandama na ukiwa mpevu maji huwa ni bamvua, na katikati yake huwa ni maji mafu. Na alijua kuwa maji hujaa kwa kuchelewa kidogo kila siku, kiasi cha dakika hamsini. Mwalimu wa sayansi hufundisha jambo hilo hilo ubaoni, na watoto wa wavuvi huliandika katika daftari kana kwamba ni habari ya nchi ya mbali.

Mkata mikoko wa Lamu akiutazama mti tu aliweza kukwambia kama ni fito, pau, mazio, boriti au nguzo, kwa unene wake. Hiyo ni hesabu ya vipimo. Fundi wa jahazi alipima kwa shibiri na dhiraa, bila karatasi, na chombo kikatoka sawa pande mbili na kikaenda Arabuni na kurudi. Hiyo ni jiometri. Wazee wa Kimijikenda katika kaya zao walijua mti gani ni dawa na mti gani ni sumu, na kwa ajili ya kuihifadhi misitu ile tunayo leo miti ambayo kwingineko imekwisha. Mwaka 2008 misitu hiyo iliingizwa katika urithi wa dunia. Hapa pengine ndugu mmoja ataniuliza, "Sheikh, wataka watoto wetu wafundishwe mambo ya matambiko?" La, sitaki hayo. Kuujua mti si kuuabudu mti. Hilo nitalirudia mbele.

JINSI ILIVYOTOLEWA NJE

Skuli za serikali zilipoanzishwa pwani, Tanga katika miaka ya 1890 chini ya Wajerumani, na baadaye Unguja na Mombasa chini ya Waingereza, hazikukusudiwa kumlea mtoto wa pwani awe mtu kamili wa pwani. Serikali ilitaka makarani, wakalimani na watu wa kukusanya kodi. Aliyetaka makarani atamfundisha mtoto hesabu ya makarani.

Kisha likaja suala la herufi. Kiswahili kikaandikwa kwa herufi za Kirumi. Juni 1928 ukafanywa mkutano Mombasa, na Kiunguja kikachaguliwa kuwa msingi wa Kiswahili cha vitabu. Na tarehe 1 Januari 1930 ikaanza kazi Kamati ya Lugha ya nchi zote za Afrika Mashariki. Sisemi kuwa kazi ile ilikuwa mbaya. Makala haya yenyewe yameandikwa kwa herufi hizo, na Kiswahili kilichosanifiwa ndicho kilichowakutanisha watu wa nchi nyingi. Lakini kila jambo lina gharama yake. Mjukuu aliyetoka skuli akifungua sanduku la babu yake alikuta karatasi asizoweza kuzisoma, naye ndiye aliyeitwa "msomi", na babu akaitwa "hakusoma". Tafakari, msomaji: mtu anayesoma na kuandika kwa miaka sitini alihesabiwa hajui kusoma kwa sababu tu herufi zake hazikuwa herufi za ofisini.

Miswada mingi ikapotea kwa mchwa na mvua. Mashairi ya Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki mwaka 1840, yangekwenda na upepo lau si Mwalimu Sikujua bin Abdallah kuyakusanya na kuyafafanua, na Mzungu mmoja, W. E. Taylor, kuyachukua. Leo anayetaka kuiona miswada hiyo aitafute London. Tuwashukuru walioihifadhi, lakini tujiulize kwa nini haikuhifadhiwa Mombasa.

WALIOJARIBU KUIRUDISHA

Si haki kusema kuwa hakuna aliyeliona kosa hili. Mwaka 1925 serikali ya Uingereza yenyewe ilitoa waraka juu ya elimu katika makoloni ya Afrika, ukisema kuwa elimu ifuate hali, kazi na mila za wenyeji. Maneno mazuri. Mwaka 1928 ikafunguliwa skuli ya Malangali, Iringa, na mkuu wake, W. B. Mumford, akajaribu kufanya hivyo hasa: wazee waliitwa kuwafundisha vijana habari za kabila lao, na hata mavazi na michezo ikawa ya kienyeji. Haikudumu. Alipoondoka yeye, jambo lile likafa.

Kwa nini lilikufa? Wazazi hawakulitaka. Walikuwa na akili zao. Waliona kuwa kijana aliyesoma Kiingereza na kupiga taipu ndiye apatae mshahara, na aliyefundishwa mkuki na ngoma hurudi kijijini. Wakashuku kuwa Mzungu anapomwambia Mwafrika "shika mila zako" maana yake ni "baki hapo ulipo". Na shaka yao ilikuwa na msingi, kwa sababu mtoto wa huyo aliyesema hakusomeshwa hivyo. Basi somo la kwanza la historia ni hili: elimu ya wenyeji ikiletwa na mtu mwingine ili iwe fungu la wanyonge, wenyewe wataikataa.

Hapa pwani Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, Mwenyezi Mungu amrehemu, aliyefariki mwaka 1947, alishika njia nyingine. Alitoa gazeti la Sahifa mwaka 1930 na Al-Islah mwaka 1932, akiwahimiza Waislamu wasikimbie skuli kwa hofu, na wala wasiingie skuli kwa kuacha dini yao na lugha yao. Alitaka mtoto mmoja azipate elimu zote mbili. Wengi walimsoma, wachache wakamfuata.

Baada ya uhuru, mwaka 1967, Mwalimu Julius Nyerere alitangaza Elimu ya Kujitegemea huko Tanzania, na Kiswahili kikawa lugha ya kufundishia skuli za msingi. Lilikuwa jambo kubwa. Lakini katika skuli nyingi shamba la skuli liligeuka kuwa mahali pa kufanyisha watoto kazi, na mkulima mzee wa jirani, aliyeijua ardhi ile, hakuitwa hata siku moja aseme neno. Kenya nayo mwaka 1985 ilianza mfumo wa 8-4-4, ikaleta ufundi na sanaa darasani. Wazazi walichangishwa kujenga vyumba vya ufundi, vifaa vikakosekana, na mwisho masomo hayo yakapunguzwa. Na fundi seremala aliyekuwa barabarani mbele ya skuli alibaki barabarani.

Somo la pili la historia, basi, ni hili: waliandika elimu ya wenyeji katika mitaala, lakini wenyeji wenyewe hawakuwaita.

KISA CHANGU NA KOSA LANGU

Niliingia skuli ya msingi mwishoni mwa miaka ya 1960. Siku moja tuliulizwa katika mtihani majira ya mwaka ni mangapi, na tuyataje. Niliandika kuwa ni manne: kiangazi, masika, kipupwe na vuli. Nilirudishiwa karatasi ina mstari mwekundu. Idadi ilikuwa sahihi, lakini majina yaliyotakiwa yalikuwa yale ya kitabu kilichochapwa Uingereza, na katika hayo mna majira ya theluji. Nilipofika nyumbani marehemu baba yangu, aliyekuwa nahodha, akataka nimsomee nilichokosa. Nikamsomea. Akanyamaza kidogo, kisha akaniuliza, "Mwanangu, hiyo theluji huvuma kutoka wapi?" Sikuwa na jawabu. Tangu siku hiyo, najuta kusema, nilimwona baba yangu kuwa hajui. Miaka ikapita kabla sijafahamu kuwa ni mimi niliyekuwa sijui.

Lau hadithi ingeishia hapo ningewalaumu walimu wangu na kukaa raha. Lakini mimi nami nilikuja kuwa mwalimu, wa madrasa na wa dini katika skuli ya serikali. Mwaka 1989 alinijia fundi mmoja mzee wa majahazi, tezo yake imo kapuni. Akaniambia, "Mwalimu, wanangu wote wamekwenda Arabuni, hapana wa kunirithi. Nipe watoto wa darasa moja, asubuhi moja tu, niwaonyeshe chombo kinavyosimamishwa." Nilimjibu kwa adabu, lakini nilimkatalia. Mtihani ulikuwa karibu, na jahazi halimo katika mtihani. Akasema, "Haya mwalimu, nyinyi ndio wajuzi," akaenda zake. Baada ya miaka mitatu tulimzika. Hakuna aliyeandika vipimo vyake, na leo watoto wa mtaa ule wakitakiwa wachore chombo huchora meli waliyoiona kitabuni.

Hapana Mzungu aliyenishika mkono siku ile. Nilifanya mwenyewe. Na ninakusimulia haya, ndugu msomaji, kwa sababu naogopa kuwa wewe nawe unaye mzee kama huyo, na humsikilizi.

DINI YASEMAJE?

Wako watakaosema kuwa mambo haya ni ya kidunia. Na tukumbuke Hadithi iliyopokewa na Imamu Muslim juu ya watu wa Madina na mitende yao. Mtume (S.A.W.) aliwaona wakiipandisha mbegu mitende, akatoa rai kuwa pengine wakiacha itakuwa bora. Wakaacha, na mwaka ule tende zikapungua. Walipomweleza, akawarejeza katika ujuzi wao, kuwa mambo kama hayo ya dunia yao wao wayajua zaidi. Angalia adabu hiyo. Yeye aliyeletewa Wahyi hakuona haya kumwachia mkulima elimu ya shamba lake. Sisi tulioletewa cheti tu tunaona haya!

Lakini tusipitilize. Si kila la kale ni elimu. Yamo ya kale yaliyo ushirikina, yamo yaliyo dhuluma, na zimo dawa zisizotibu. Mpunga hupepetwa; wishwa ukatupwa na mchele ukabaki. Anayekula na wishwa amekosea, na anayetupa ungo mzima kwa sababu umo wishwa amekosea zaidi. Upepetaji huo wataka watu wawili wakae pamoja: mwalimu wa skuli mwenye njia ya kupima na kuhakikisha, na mzee mwenye jambo lenyewe. Kila mmoja akikaa peke yake, kazi haifanyiki.

MLANGO UMEFUNGULIWA

Na habari njema ni kuwa mlango uliofungwa miaka mingi sasa umefunguliwa kidogo. Hapa Mombasa mwaka 1986 ilianza skuli ya kwanza ya watoto wadogo ndani ya madrasa, kwa juhudi za wazazi wa Kiislamu na msaada wa Wakfu wa Aga Khan, na Bi Swafiya Said akiwa miongoni mwa walimu wake wa mwanzo. Watoto walisomeshwa kwa hadithi na nyimbo za Kiswahili, kwa vifuu, makombe na mbegu za kwetu, pamoja na Qur'ani na hesabu. Mpango huo ukafika Unguja mwaka 1990 na Kampala mwaka 1993. Hao hawakungoja waraka wa serikali.

Kenya, Katiba ya mwaka 2010 imetaja wazi nafasi ya sayansi na ufundi wa kienyeji, na mwaka 2016 ikapitishwa sheria ya kuilinda elimu ya jadi. Mtaala wa umilisi ulianza kujaribiwa mwaka 2017 na kuenezwa mwaka 2019, nao unataka watoto wa madarasa ya chini wafundishwe kwa lugha za kwao, na wazazi washiriki katika masomo. Tanzania nayo ilitoa toleo jipya la sera ya elimu mwaka 2023, na mitaala mipya ikaanza kutumika mwaka 2024, ikiwa na somo la Historia ya Tanzania na Maadili.

Lakini tumeona tangu mwaka 1925 kuwa maneno ya waraka hayatoshi. Mwalimu aliyetoka bara akapelekwa Faza au Vanga hawezi kufundisha bamvua na miongo ikiwa hakuna wa kumwambia. Na sisi tukikaa barazani tukilalamika kuwa serikali haitujali, na huku mlango u wazi na hatuingii, lawama itakuwa ya nani?

Basi nawausia mambo manne, na nimeanza na nafsi yangu.

Kwanza, kaa na mzee wako, mwanamume au mwanamke, uandike anayoyajua: hesabu ya miongo, majina ya nyota, miti, samaki, na mapishi ya dawa. Andika na jina lake, maana elimu ina wenyewe.

Pili, mtoto wako anayejua kusoma Qur'ani amekwisha kujua nusu ya kusoma karatasi za babu yake. Mwalimu wa madrasa amzidishie wiki chache tu za kusoma Kiswahili kwa herufi hizo hizo. Na walio na miswada sandukuni waitoe juani kabla ya mchwa.

Tatu, nenda skuli. Usingoje kuitwa kwa ajili ya karo au utundu wa mtoto. Mwambie mwalimu mkuu, "Babu yake huyu ni mvuvi, tupe saa moja katika somo la sayansi."

Nne, tusimlee mtoto kwa kumdharaulisha upande mmoja. Asiambiwe kuwa skuli ni ya makafiri, wala asiambiwe kuwa babu yake ni mjinga. Mtoto wa Simeulue aliyekimbilia mlimani alikuwa pia mwanafunzi wa skuli. Vitabu vyake havikumzuia kuukumbuka wimbo wa bibi yake.

Mwaka jana nilikwenda na mjukuu wangu pwani jioni. Akaniuliza kwa nini maji yamejaa kupita siku zote. Nikamwonyesha mwezi, ulikuwa mpevu, nikamweleza kama nilivyoelezwa na marehemu baba. Kesho yake akaenda akamwambia mwalimu wake, na mwalimu huyo, kijana wa siku hizi, Mungu ambariki, akamsimamisha mbele ya darasa awaeleze wenzake. Aliporudi nyumbani aliniambia, "Babu, mwalimu amesema uje." Nilikwenda. Na nilipokuwa nimesimama pale ubaoni nilimkumbuka yule fundi na kapu lake, nikamwombea rehema.

Mwenyezi Mungu atupe elimu yenye manufaa, na atusamehe kwa ile tuliyoiacha ipotee mikononi mwetu. Amin.

Wabillahi tawfiq.